Kila Kitu Kina Mwenyewe, Isipokuwa Hasara

Nina kesi na marehemu Joseph Glidden. Mkulima huyo wa Illinois, Marekani, alipewa hataza mwezi wa Novemba 1874 kwa waya wake wenye miiba, uliokusudiwa kuzuia ng'ombe. Hapa Golf, mtaa wetu wa Lubumbashi, hatuna ng'ombe. Tuna kuta ndefu, na juu ya kila ukuta seng'enge imezungushwa hadi imezungushika, na tangu nihamie mtaa huu sijasikia mwizi aliyenaswa. Zinazonaswa ni shuka zangu, upepo wa Agosti ukivuma. Mwizi mwenyewe hupita getini, akamsalimia sentineli, akamuuliza na habari za watoto.

Kabla hamjanihesabu miongoni mwa matajiri: kukaa Golf ni jambo moja, kuwa mtu wa Golf ni jambo lingine. Mimi ninapanga boyeri, kile kijumba cha nyuma ya parsele ambacho Wabelgiji walikuwa wakimjengea mpishi. Siku hizi kimepakwa rangi nyeupe na kupandishwa cheo, kinaitwa stidio. Kodi nayo imepandishwa cheo. Lakini kuta ni zilezile, seng'enge ni ileile, na karaha tunagawana sawasawa na wenye nyumba kubwa.

Linalonikera ni hili. Ukiizunguka parsele yetu, huoni kitu kisicho na mwenyewe. Kwa kila kimoja kuna mtu mahali fulani aliyekaa, akawaza, akachora, akapeleka karatasi serikalini, akapewa hataza, au breve kama tunavyosema huku, kwamba wazo hili ni lake na mwingine asilitengeneze bila ruhusa. Sawa, hongera zake. Ila kitu kikiharibika, mwenye wazo humwoni. Hasara ndiyo pekee isiyo na hataza. Yeyote anaruhusiwa.

Kufuli la getini ni wazo la Linus Yale wa Marekani, aliyepata hataza miaka ya 1860 kwa vile vipini vidogo ndani ya silinda, ambavyo ufunguo mmoja tu ndio unaoweza kuvipanga. Nilinunua la kwangu sokoni, kwenye meza iliyopangwa makufuli kwa ukubwa, na muuzaji akaniapia ni lilelile. Kweli linafunga vizuri. Tatizo ni kwamba ufunguo wangu unafungua na la jirani. Bati lililo juu ya kichwa changu lina mikunjo aliyoiandikia hataza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, mwaka 1829. Mikunjo inalipa nguvu, bati jembamba likabeba paa zima. Palmer hakuandika popote kwamba mvua ya Januari ya Lubumbashi ikianza kuligonga, familia inaacha kuongea na kuhamia kwenye ishara za mikono. Mke wangu akinyoosha vidole viwili mimi sijui kama anataka bidoni mbili za maji au dola mbili. Kwa usalama huwa naleta maji.

Na zege? Jirani wa kushoto anapandisha ghorofa ya tatu, nondo zimechomoza juu zinasubiri ya nne. Asili yake ni vyungu vya maua. Joseph Monier, mtunza bustani Mfaransa, alichoka kuona vyungu vyake vinapasuka, akatia wavu wa chuma ndani ya saruji, akaenda kuchukua hataza mwaka 1867. Mtu alitaka mahali pa kupanda ua, mimi leo nimezibiwa jua.

Chooni usiniulize. Lakini kwa kuwa umeuliza: lile bomba lililopinda chini, linalobakiza maji kidogo ili harufu isirudi ndani, ni hataza ya mwaka 1775 ya Alexander Cumming, fundi wa saa wa London. Akili kubwa sana. Ila inadai jambo moja, maji. Bomba letu likikohoa hewa siku ya tatu, uvumbuzi wa Cumming unageuka pambo, na mimi napanga foleni na bidoni ya njano kwenye forage, kisima cha jirani mwema, nyuma ya madereva wa watu wanaoendesha magari yenye thamani ya mtaa mzima wa Katuba.

Kisha kuna Rudolf Diesel. Huyu nilikuwa nimemchukia kabla sijasoma habari zake. Alipewa hataza Ujerumani Februari 1893 kwa injini isiyohitaji cheche: unaibana hewa hadi iwe moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Kufikia 1897 injini ikafanya kazi sawasawa, na utajiri ukaja, na madeni yakaufuata. Septemba 1913 alipanda meli kuelekea Uingereza, akala chakula cha jioni, akaingia chumbani, na asubuhi hakuwamo. Maiti yake ilionekana baharini siku chache baadaye. Hadi leo wajuzi wanabishana kama alijirusha au alisukumwa. Waje walale kwangu usiku mmoja tu, umeme umekatika na grupe ya jirani, jenereta yake ya dizeli, inanguruma chini ya dirisha, watapata mshukiwa wa tatu.

Ni hiyo grupe iliyonitia katika biashara ya betri.

Nilijikusanya, nikachanga na shemeji, tukanunua paneli, inveta na betri. Si ile ya asidi, hii ni litium, na bei yake nilimficha mke wangu hadi akaiona mwenyewe kwenye karatasi. Sikujali. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nanunua kitu cha kisasa ambacho kina sehemu yetu ndani. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na hiyo ni huku kwetu, Kolwezi na majirani zake. Malori yake nayapisha kila siku nikila vumbi. Kwa hiyo fundi alipoishusha ile betri, niliipapasa mgongoni kama mjomba anayempokea mpwa aliyekulia Ulaya. Nikasema kwa sauti: karibu nyumbani.

Fundi, kijana wa Katuba, akaniangalia.

"Papa, unaongea na nani?"

"Na kobalti yetu, mwanangu. Imezunguka dunia, sasa imerudi."

Akaigeuza ile betri, akanionesha ubavuni: LiFePO4. "Fe ni chuma, papa. PO4 ni fosfate. Humu hamuna kobalti."

"Hata kidogo?"

"Hata ya dawa."

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakauma, na sasa nawapa nilichokipata ili tuumie wote. Mwaka 1980, pale Oxford, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inaweza kushika umeme mwingi ndani ya betri ndogo. Chuo chake hakikutaka kugharamia hataza. Maabara ya serikali ya Harwell, ya mambo ya atomiki, ikakubali kuichukua, kwa sharti kwamba mzee asaini kuachia haki zake. Akasaini. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri kamili kwa kutumia kobalti hiyohiyo, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuiuza. Simu iliyo mfukoni mwako ni mjukuu wa mambo hayo. Goodenough alisubiri hadi 2019 kupata Tuzo ya Nobel, akiwa na miaka 97, akagawana na Yoshino na Stanley Whittingham.

Kufikia hapo nilikuwa namhurumia. Mtu ameifanya dunia nzima itafute jiwe letu, naye hakupata senti ya hataza. Nikasema huyu ni ndugu yetu kabisa, anastahili barabara hapa mjini. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata. Miaka ya 1990, akiwa amehamia Texas, mzee yuleyule na wanafunzi wake wakatengeneza betri nyingine, ya chuma na fosfate, isiyotaka kobalti. Ndiyo hii iliyoketi chini ya meza yangu. Aliyetuita sokoni ndiye aliyewaambia wateja kwamba wanaweza kupika bila sisi. Alifariki 2023, ametimiza miaka 100, kwa hiyo hata kumuuliza alikuwa na maana gani hatuwezi tena.

Nasi huku tulifanya nini? Februari 2025 serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje, maana bei ilikuwa imeanguka hadi chini, dunia imeshiba. Oktoba ikaja na mgawo, kila kampuni na kiasi chake. Simu bado zinaitaka kobalti, na magari mengi ya umeme pia, hilo nalikubali. Lakini wachimbaji wakubwa wa mtaa wetu siku hizi wakisikia neno "fosfate" wanaweka uma chini.

Wazee wa Likasi wataniambia hii si hadithi mpya, na kweli. Urani ya Shinkolobwe ilionekana mwaka 1915. Wakati ule dunia haikuitaka kwa ajili ya mabomu, iliitaka kwa ajili ya radiamu iliyomo. Pierre na Marie Curie, waliogundua radiamu, walikataa kuchukua hataza ya namna ya kuitoa, wakasema sayansi ni ya wote. Matokeo yake? Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walilazimika kuchanga dola 100,000 ili kumnunulia Marie gramu moja tu ya kitu alichokigundua yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata mawe ya Katanga yakaanza kusafishwa Ubelgiji, bei ikashuka. Leo Szilard, Mhungari aliyekimbilia London, hakuwa mkarimu namna hiyo. Mwaka 1934 aliomba hataza ya mnyororo wa kuachia nguvu za atomi, kisha akaikabidhi kwa jeshi la majini la Uingereza ili ibaki siri. Miaka kumi na moja baadaye mawe ya Shinkolobwe yalikuwa ndani ya bomu. Mwenye wazo alipata karatasi, mwenye jiwe akapata shimo.

Kwa hiyo wapo wanaosema dawa ni karatasi tu: tuchukue hataza nyingi, tutatajirika. Nao nina neno nao, na nitawajibu kwa kutumia mchezo ulioupa mtaa wetu jina.

Zamani mchezaji wa golfu alikuwa akipiga magoti, anafinyanga kichuguu cha mchanga wenye maji, anauweka mpira juu yake, kisha anakwenda kutafuta kitambaa cha kujifuta. Daktari wa meno wa Boston, George Franklin Grant, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, mweusi wa kwanza kufundisha Harvard, aliona huo ni uchafu. Akachonga kijiti chenye kichwa cha mpira, akakipatia hataza Desemba 1899. Karatasi alikuwa nayo, imepigwa muhuri. Akavigawa vijiti kwa marafiki, basi, hakuuza. Miaka ya 1920 akaja daktari mwingine wa meno, mzungu, William Lowell wa New Jersey, akapaka vijiti vyake rangi nyekundu, akamlipa bingwa Walter Hagen atembee navyo mashindanoni, fedha zikaingia. Ilipofika 1991 ndipo wakubwa wa golfu Marekani walipomkumbuka Grant rasmi, naye alikuwa kaburini tangu 1910.

Unaona basi. Jiwe bila karatasi ni mzigo wa lori. Karatasi bila karakana ni kijiti mfukoni. Sisi Katanga mawe tunayo, na karakana tulikuwa nazo, waulize waliofanya kazi chini ya bomba refu la moshi la Lubumbashi. Hata wahandisi tunao. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka barabarani maroboti ya kuongoza magari, ya alumini, yanayotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Ni roboti lenye mikono na macho ya kamera, na lina kasoro moja kubwa machoni pa watu fulani: halipokei matabisi wala kitu kidogo.

Na sheria ipo, msitafute kisingizio. Ni ya tarehe 7 Januari 1982, ya enzi ya Zaire, na inampa mvumbuzi miaka 20. Lakini ina sharti ambalo ndilo roho ya hataza zote duniani: unalindwa, ila nawe unafunua. Lazima uandike jinsi kitu chako kinavyofanya kazi, wazi kabisa, kiasi kwamba fundi mwenzako akisoma aweze kukitengeneza. Muda ukiisha, ni cha watu wote.

Hapo ndipo mimi na mji wangu tunapokwama, maana huku ufundi una njia mbili tu, na hataza si mojawapo.

Njia ya kwanza ni ya mbabula. Tazama ile aliyonayo mke wangu. Rimu ya gari iliyozeeka, chini imetobolewa matundu kwa msumari, miguu mitatu ya nondo imechomelewa, na mkono wa waya ili usijiunguze. Mmoja wa miguu ni mfupi, tumeuwekea kigae. Ukiitazama mara moja umejua siri yake yote. Wenzetu wa Kenya, Kenya ile ya Nairobi, si komini yetu ya Kenya, waliongeza udongo wa kuchoma ndani ya jiko la bati miaka ya 1980 ili makaa yadumu. Halikuwekewa hataza, mafundi wa jua kali wakaiga, likaenea mpaka nchi jirani. Raha kwa mpishi. Aliyelibuni hakununua nyumba Golf.

Njia ya pili ni ya kijana wangu wa Katuba.

Betri ilizima jioni moja, inveta ikaanza kulia na kuandika maneno mekundu. Taa hakuna, friji imenyamaza, samaki wa Jumapili wanaanza kujuta. Nikampigia. Akaja na begi lake, akapiga magoti mbele ya betri, akaisikiliza, akaniangalia, akasema:

"Papa, ninaomba glasi ya maji."

Nikaenda jikoni kwa mke wangu. Niliporudi na maji, taa zinawaka, inveta imetulia, kijana anafunga begi. Akayanywa maji taratibu, kwa heshima, kwa mikono miwili. Kisha akataja bei ya mandevre, yaani ujira wake, nusura nimpokonye glasi.

"Mwanangu, umefanya nini hapo?"

"Ilikuwa imelala, papa. Nimeiamsha."

"Umeiamshaje?"

"Nikikuonesha leo, kesho utaniita?"

Sikuwa na jibu. Nililipa. Ukweli ni kwamba kijana huyu amezikataa zile karatasi zote na sheria yote ya 1982 kwa swali moja, na ulinzi wake hauna ukomo wa miaka 20, unadumu maadamu mteja ni mtu wa kutumwa maji. Nilimwambia mke wangu huo ni unyonyaji. Mke wangu akasema ni akili, na kwamba mimi ningekuwa nayo tungekuwa tunakaa kwenye nyumba ya mbele.

Basi ilipozima tena, na huzima, kijana akaomba maji. Nikasema naam. Nikatoka, nikazunguka nyuma, nikasimama dirishani kwa upande wa mabati. Akatoa kibetri cha pikipiki, nyaya mbili, akagusisha hapa na pale, cheche ndogo, ikalia "tak", taa ya kijani. Nikarudi na glasi, nimetulia kabisa, nikalipa bila kubishana, jambo ambalo nadhani lilimtia wasiwasi.

Sasa kuna majirani wa boyeri za upande wa pili wenye betri kama yangu, nazo huzima kama yangu, na habari zimeenea kwamba baba wa stidio nyeupe anajua kuziamsha. Wananipigia hata usiku. Msiniulize ni nyaya zipi zinakwenda wapi. Ninachukua kibegi, ninafika, ninapiga magoti, ninaisikiliza betri kwa makini, kisha ninamwambia mwenye nyumba kwamba joto la leo ni kali, kama ana glasi ya maji.